Kaka alianguka mnazini, baba mdogo anataka aondolewe nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Nakaa Makorora, hapa Tanga mjini, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nina watoto wawili, na asubuhi nauza chapati na maharage ya nazi barazani. Kaka yangu ana miaka 36 na kazi yake ilikuwa ukwezi. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, aliitwa na mwenye shamba mmoja wa njia ya Pangani ambaye alikuwa akimfanyia kazi kila msimu. Mnazi ulikuwa unateleza, akaanguka. Uti wa mgongo umeumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana nguvu wala hisia, na mkojo unatoka kwa mpira.

Alitibiwa, tukaruhusiwa. Tulirudi nyumbani na karatasi ya dawa na mpira mmoja wa akiba, basi. Sikuonyeshwa namna ya kumgeuza wala kumwosha, na hakuna aliyetuambia kiti mwendo kinapatikana wapi. Yumo chumba cha uani, na kwa sababu ya vizingiti haoni hata barabara.

Tulipompeleka kituo kimoja cha afya kubadilisha mpira, chumba cha huduma kilikuwa juu ya ngazi. Tukaambiwa tumbebe. Vijana wa bodaboda wakampandisha kama gunia, shati limempanda, watu wanatazama. Muuguzi akaniuliza mimi, "Huyu akili zake ziko sawa?" Kaka yuko palepale anasikia. Kisha tukatakiwa kulipia kila kitu. Nilipouliza msamaha nikajibiwa kwamba msamaha ni wa wajawazito, watoto wadogo na wazee, mwenye ulemavu hayumo. Na mjumbe wetu anasema kaka hawezi kuandikwa kwenye orodha ya walemavu kwa sababu hakuzaliwa hivyo.

Sasa amepata kidonda juu ya makalio. Tangu siku ile hataki kusikia habari ya kwenda kituoni.

Baba yetu mdogo ameitisha kikao. Anasema mimi sina uwezo, mama ni mzee, kwa hiyo kaka apelekwe kwenye makazi ya wasiojiweza na chumba kipangishwe ili mama apate hela ya kula. Mama analia tu. Mimi nimechoka, Shangazi, sitaficha. Silali usiku, biashara imeyumba, mume wangu ameanza kunung'unika. Lakini kumtoa ndugu yangu nyumbani roho inakataa.

Naomba kujua mambo matatu. Je, kuna sheria inayoilazimu serikali imhudumie kaka? Je, ukoo unaweza kumpeleka makazi bila yeye kutaka? Na mimi ninayemuuguza, kuna chochote ninachostahili?

Dada mtu, Makorora

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi, na mfikishie kaka yako pole zangu.

Naanza na kidonda, kwa sababu sheria inaweza kusubiri mpaka Jumatatu na kidonda cha kulalia hakiwezi. Mtu asiye na hisia hapati ile karaha inayotufanya sisi wengine tujigeuze usingizini, kwa hiyo nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro hadi inakufa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ubavu huu, ubavu ule, na asilalie kidonda hata kidogo. Kila siku kagua visigino, nyonga, vifundo vya miguu na mfupa wa mkiani. Ukiona pamekuwa pekundu au peusi kuliko kawaida, pasisuguliwe. Msimkalishe juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati. Watu wanadhani unasaidia, kumbe unakaza ngozi pembeni na kuzuia damu. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Na kama kidonda kina harufu, kina nyama nyeusi, kimezama ndani, au kaka ana homa, au mkojo umekuwa mzito wenye harufu kali, huyo ni mgonjwa wa hospitali leo hii. Hapo usingoje barua wala kikao.

Kugeuza kila saa mbili hakuwezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Hao waliokaa kikao cha ukoo wapangiwe usiku wao. Baba mdogo naye apate zamu.

Sasa niseme jambo lililonikaa moyoni tangu nilipomaliza barua yako. Nimemsikia baba mdogo, nimemsikia mama, mjumbe, muuguzi, hata mumeo. Kaka yako sijamsikia popote. Yule muuguzi alikosea sana kukuuliza wewe habari za mtu aliye mbele yake. Lakini kikao cha ukoo kimefanya hilohilo: kimejadili maisha ya mwanamume wa miaka 36, mwenye akili timamu, naye yuko chumba cha uani. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaa naye. Muulize anataka kuishi wapi, anamtaka nani amuogeshe, anaogopa nini akitajiwa kituo cha afya. Mwanamume kuogeshwa na dada yake ni jambo zito kwetu watu wa pwani. Huenda anavumilia mengi asiyoyasema. Pengine yupo mpwa au rafiki wa kiume ambaye angekubali kufanya hiyo kazi asubuhi moja moja, ila hajaombwa.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inasema mtu mwenye ulemavu asilazimishwe kuishi kwenye taasisi au makazi ya aina fulani, na inataka asaidiwe kuishi kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana, ndani ya jamii yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unasema vivyo hivyo katika ibara ya 19: achague mwenyewe mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Kwa hiyo baba mdogo hana mamlaka hayo, na kikao hakiwezi kumpa. Nyumba ni ya marehemu baba yenu, na kaka yako ni mtoto wa marehemu kama wewe. Kuumia mgongo hakukumpunguzia urithi wake. Kama mirathi haijafunguliwa, fungueni, maana habari ya chumba kupangishwa inanitia wasiwasi kuliko ulivyoandika.

Simfanyi baba mdogo kuwa adui. Inawezekana anaona mzigo tu na hajui pa kuutua. Mweleze sheria kwa adabu, mbele ya mama.

Swali lako la kwanza linahitaji maneno zaidi. Barazani utamsikia mtu akitaja Katiba, ibara ya 11, kwamba mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni kweli imo. Lakini ibara ya 7(2) ya Katiba hiyohiyo inasema masharti ya sehemu ile hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Ukienda ofisini ukiwa na ibara ya 11 peke yake, afisa anayejua sheria atakuitikia kwa heshima na kukurudisha nyumbani. Shika sheria ya 2010. Hiyo inatekelezeka, na imetaja wenye wajibu: serikali za mitaa, ndugu, vyama vya watu wenye ulemavu na jamii. Halmashauri imepewa jukumu la kulinda na kuendeleza haki na ustawi wa wenye ulemavu walio ndani ya eneo lake. Kwako wewe hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Tanga, kupitia Afisa Ustawi wa Jamii. Sheria inampa kaka yako pia haki ya kupata huduma za afya na utengamao, yaani msaada wa kumrudisha kwenye kujitegemea, bila ubaguzi, na kuyafikia majengo ya umma bila vikwazo.

Mjumbe amekosea. Sheria inaueleza ulemavu kuwa ni kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine kutokana na hali ya mwili, ya akili au ya kijamii. Haijauliza kama umezaliwa nao au umeanguka nao. Nenda kwa Mtendaji wa Mtaa, si kwa mjumbe, umwambie unataka kaka aandikishwe. Uliza pia kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa inakutana lini na wajumbe wake ni akina nani, kwa sababu sheria imeweka kamati hizo kuanzia mtaa na kijiji kwenda juu. Mahali pengine kamati ni jina kwenye karatasi. Ikiwa hivyo kwenu, kuuliza kwako ndiko kutakakoifanya ikutane.

Kuhusu malipo. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza miaka ya 1990, serikali iliweka milango miwili. Mmoja ni msamaha wa makundi, na ndio ule uliotajiwa: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye baadhi ya maradhi sugu. Mlango wa pili ni wa mtu yeyote asiye na uwezo wa kulipa, awe na ulemavu au asiwe nao. Huo hufunguliwa na Afisa Ustawi wa Jamii baada ya kuangalia hali ya kaya, na mara nyingi ataomba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Aliyekujibu alikutajia mlango wa kwanza akanyamaza kuhusu wa pili. Usipoteze nguvu dirishani kwa mpokea fedha. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, jieleze pale, na omba ukikataliwa uandikiwe sababu. Mama yenu naye, kama ametimiza miaka 60, anaingia kwenye mlango wa wazee. Msimsahau kwa sababu ya ugonjwa wa mwanawe.

Kuna na hili la bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na imeanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini wanaogharamiwa lazima kwanza watambuliwe. Ndiyo maana nakazania kuandikishwa mtaani: kama jina la kaka yako halimo kwenye orodha ya mtaa, msaada utapita juu ya kichwa chake kila unapogawiwa.

Ngazi za kituo kile na swali la muuguzi, yaandikie malalamiko. Mwandikie Mganga Mfawidhi wa kituo, nakala kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Usitukane. Eleza siku, chumba, na kilichotokea, kisha omba jambo moja: kaka anapokuja ahudumiwe chumba cha chini. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu kuhamisha kitanda na trei ya vifaa. Na umwambie kaka kwamba umeandika. Mtu aliyedhalilishwa mbele ya watu akijua yupo aliyemsemea, huenda akakubali kurudi. Katika mazungumzo yote na wahudumu, wakikuuliza wewe, mgeukie kaka ajibu mwenyewe. Ridhaa ya matibabu ni yake.

Hamjapewa mazoezi wala kufundishwa utunzaji, na hilo ni pengo kubwa kuliko unavyodhani. Omba rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa mazoezi tiba kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Uwaombe wakufundishe kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kuuvunja mgongo wako mwenyewe, na wamfundishe kaka kujiinua kwa mikono, maana mikono ya mkwezi ina nguvu. Kiti mwendo nacho kipimwe kulingana na mwili wake, kiwe na godoro lake. Ukipewa kiti cha msaada kilicho kipana kupita kiasi na kisicho na godoro, kitakuzalishia vidonda vingine.

Swali lako la tatu. Sitakudanganya: huku Bara hakuna sheria inayompa ndugu anayeuguza nyumbani posho ya kila mwezi. Inapaswa kuwepo. Wanawake wa nchi hii wanabeba kazi ya hospitali nzima majumbani mwao bila hata glavu, na kila anayetunga bajeti analijua hilo kwa sababu naye ana mama au dada. Nitaendelea kulisema.

Lakini barua yako ina sentensi moja uliyoipita haraka, nami nimesimama hapo. Umesema mwenye shamba alikuwa akimwita kila msimu. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi senti. Aliyeumia kazini hupata matibabu, malipo ya ulemavu wa kudumu na utengamao, na yakithibitika mahitaji ya kuhudumiwa na mtu mwingine wakati wote, yapo malipo ya mhudumu. Hapo ndipo jasho lako linaweza kutambuliwa. Ugumu ni kuthibitisha kwamba kaka alikuwa mfanyakazi, siyo kibarua aliyepita njia akalipwa kwa hesabu ya minazi. Kusanya ushahidi: ujumbe wa malipo kwenye simu yake, majina ya wakwezi wenzake wa siku ile, wapakiaji wa nazi, karatasi ya hospitali yenye tarehe. Kujisajili kwenye Mfuko ni wajibu wa mwajiri, kwa hiyo mwenye shamba akisema hajajisajili, lisiwe neno la mwisho. Ajali ni ya mwaka jana na dai linalocheleweshwa linaweza kupotea, basi nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa wiki hii. Hata chapati ziache siku moja.

Usiende peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii pale Jiji watakuelekeza. Watafute pia viongozi wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, mkoani hapa. Nataka kaka akutane na mtu mwingine aliyeumia mgongo ambaye leo anaendesha maisha yake. Atamuuliza mambo ambayo hawezi kukuuliza wewe. Na siku akitaka kurudi kutafuta riziki, iwe kushona nyavu au duka dogo pale barazani kwenu, halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Hilo ni la baadaye. Kidonda kwanza.

Barua ya kwenda Jiji isiwe ndefu. Iandike kwa mwandiko wako, kaka aiweke sahihi au dole gumba mwenyewe. Mwandikieni Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Sema hivi: "Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nina ulemavu uliotokana na kuumia uti wa mgongo. Kwa mujibu wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, naomba niandikishwe. Naomba Afisa Ustawi wa Jamii anitembelee nyumbani kutathmini mahitaji yangu. Naomba kupatiwa kiti mwendo na vifaa vya kutunzia mkojo na kidonda. Na naomba utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa kuwa kaya yetu haina uwezo. Naishi nyumbani kwetu na ndipo ninapotaka kuendelea kuishi." Sentensi hiyo ya mwisho muiandike tu kama ndiyo matakwa yake, baada ya wewe kumuuliza.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Ukikaa mwezi hujajibiwa, andika tena ukitaja tarehe ile. Wakinyamaza tena, lipeleke kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Imeundwa na Katiba, ibara ya 129, na kupeleka malalamiko pale hakuna ada. Wataomba uthibitisho kwamba mlianza ofisini. Kwa hiyo ile nakala yenye muhuri aitunze kaka yako mwenyewe, pamoja na karatasi zake za hospitali, na anayezihitaji amwombe yeye.